Kaskazini ya michoro: kisa cha kituo cha hali ya hewa katika yadi ya shehena kichele

Kisa hiki ni cha yadi ya ufukweni inayopokea na kupakia shehena kichele, yaani isiyofungashwa: makaa ya mawe na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Jina la kampuni, mahali ilipo na chapa za vifaa vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vya yadi vimekadiriwa ili isitambulike. Mfuatano wa matukio haukuguswa.

Yadi na mahitaji yake

Yadi ina gati moja, marundo ya wazi, silo mbili (ghala ndefu kama minara) zenye kimo cha mita 30 hivi, jengo la ofisi la ghorofa tatu, na kreni kubwa inayotembea juu ya reli ambayo kilele chake kiko karibu mita 40 kutoka ardhini. Nje ya uzio, upande wa bara, kuna makazi ya watu.

Upepo wa hapo ni wa kawaida kwa pwani. Mchana, jua likishapasha nchi kavu, hewa huingia kutoka baharini. Usiku hugeuka na kutoka bara ikiwa dhaifu. Katika msimu wa ngurumo huongezeka dharuba zinazoshuka kutoka kwenye mawingu mazito na kufika bila kubisha hodi.

Uongozi ulitaka kujua mambo mawili. La kwanza: kreni isimame lini? Kitabu cha mtengenezaji kilikataza kazi upepo ukifika mita 20 kwa sekunde. La pili: wakazi wakilalamikia vumbi, limetoka kwetu au kwingine? Mvua nayo ilihitajika kwa ajili ya mabwawa ya kutuliza maji machafu ya yadi, lakini hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Kituo cha kwanza

Maombi yaliyofika idara ya ununuzi yalikuwa na mstari mmoja: kituo cha kitaalamu cha kupima upepo, joto, unyevu wa hewa, mvua na kanieneo (mgandamizo wa hewa). Hakuna aliyeandika vipimo hivyo vingetumiwa na nani wala kuamua nini. Zabuni ikashindaniwa kwa bei na kwa usahihi uliochapishwa kwenye vipeperushi, na aliyeshinda alikuwa bora kwa yote mawili.

Kifaa kilifungwa juu ya paa la ofisi, kwenye bomba fupi karibu na ukingo, kwa sababu umeme na waya wa mtandao vilikuwa tayari hapo. Fundi aliyekifunga alikuwa makini. Aliomba mchoro wa jengo, akatazama mshale wa kaskazini, akakielekeza kishale cha upepo sawasawa na mchoro. Skrini ya chumba cha udhibiti ikawekwa kuonyesha wastani wa dakika kumi, kwa kilomita kwa saa, jinsi ilivyotoka kiwandani. King'ora kiliwekwa kulia wastani huo ukivuka kiwango fulani na kunyamaza ukishuka chini yake.

Barua, king'ora, kisha kreni

Malalamiko ya vumbi ndiyo yaliyotangulia. Kila yalipofika, afisa mazingira alifungua rekodi, akatafuta saa iliyotajwa, akakuta upepo ulikuwa ukipita kando ya makazi. Akaandika barua kueleza kwamba chanzo si yadi. Barua zile hazikuwa na hila ndani yake, tena zilikuwa na takwimu. Wakazi wakawa wanapangusa vumbi jeusi madirishani huku wakisoma maelezo kwamba halikutoka kwenye rundo wanaloliona kwa macho yao.

Upande wa kreni kulikuwa na mzozo wa aina nyingine. Siku upepo ulipocheza karibu na kiwango, king'ora kililia, kikanyamaza, kikalia tena, hadi watu wa zamu wakakizima sauti. Waendesha kreni nao walisema kwamba skrini huonyesha utulivu wakati wao huku juu wanayumba. Hawakusikilizwa sana, kwa kuwa hawakuwa na namba ya kuonyesha.

Jioni moja wingu la ngurumo lilipita na dharuba ikaisukuma kreni mita kadhaa juu ya reli, breki zikiwa zimefungwa lakini vibano vya reli bado havijashikishwa. Ikasimama kabla ya kufika kwenye vizuizi vya mwisho wa njia. Hakuna aliyeumia. Dakika ile ile skrini ilionyesha wastani ambao, ukigeuzwa, ni kama mita 9 kwa sekunde. Ndipo kampuni ikaita watu wa nje, mwandishi akiwa mmoja wao.

Uchunguzi

Tulianza na rekodi, kifaa tukakiacha kwanza. Karibu na yadi kuna uwanja wa ndege wenye kipimaupepo kilichowekwa mahali wazi, na ripoti zake za kila saa hupatikana kwa urahisi. (Ripoti hizo zilizoandikwa hutoa mwelekeo kwa kaskazini ya kweli, yaani ya ncha ya dunia; ule ambao mnara humsomea rubani kwa redio huwa wa kaskazini ya sumaku, inayoonyeshwa na dira. Anayelinganisha sharti ajue ameshika upi.) Tulichukua saa zenye upepo wa kutosha, tukatoa mwelekeo wa uwanja kwenye mwelekeo wa yadi, kisha tukachora tofauti hiyo dhidi ya mwelekeo wa upepo.

Mchoro wa namna hii hueleza mengi. Kifaa kikiwa kimezibwa na jengo, tofauti hupanda na kushuka kadiri upepo unavyozunguka, kwa sababu jengo liko upande mmoja tu. Kikiwa kimeelekezwa vibaya, tofauti hubaki ile ile kwa pande zote. Hapa tulipata mstari ulionyooka kwenye nyuzi 35 hivi, wenye vurugu katika sehemu moja tu: upande wa silo.

Nyuzi 35 ni nyingi mno kuwa tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli kwa eneo lile. Jibu lilikuwa kwenye mchoro wa jengo. Mshale uliochorwa pale ulikuwa wa kaskazini ya yadi, yaani mwelekeo ambao wahandisi walijichagulia ili gati na majengo yakae sambamba na kingo za karatasi. Ni desturi ya kawaida katika viwanda, na hurahisisha kazi za ujenzi. Upepo haufuati desturi hiyo.

Hatukutaka kuhitimisha kwa hesabu peke yake. Dira ya mkononi haikufaa, maana juu ya paa lenye chuma kila mahali sindano yake hupotoshwa. Tukachagua mnara wa mawasiliano unaoonekana kwa mbali, tukakokotoa mwelekeo wake kutoka kwenye ramani, mtu mmoja akashika kishale kikielekea mnara huo, mwingine akasoma skrini. Tofauti ikatoka ile ile.

Kasi ilikuwa na kasoro isiyohusiana na hiyo. Upepo wa baharini ulisomeka juu kidogo kuliko ulivyokuwa, kwa kuwa hewa inayopanda ukingo wa paa huongeza mwendo. Ukitokea upande wa silo, ulisomeka karibu nusu. Dharuba iliyosukuma kreni ilitoka upande huo. Kumbukumbu ya kifaa ilikuwa imehifadhi kilele cha mita 16 kwa sekunde kwa jioni ile, namba ambayo haikupelekwa kwenye skrini yoyote, na ambayo yenyewe ilikuwa pungufu.

Tulikuta mengine mawili. Jedwali la kila mwezi lilipata wastani wa mwelekeo kwa kujumlisha nyuzi na kugawanya. Kwa njia hiyo nyuzi 350 na nyuzi 10, zote mbili ni upepo wa kaskazini, hutoa 180, ambayo ni kusini. Mwelekeo hupatiwa wastani kwa kuugawa kwanza katika sehemu zake za mashariki na kaskazini. Kipimamvua nacho tulikijaribu kwa maji. Kilikuwa cha kijiko pacha kinachopinduka kwa kila milimita 0.2, na mdomo wake ulikuwa na eneo la sentimita 200 za mraba, kwa hiyo kila pindu ni mililita 4. Mililita 400 zikidondoshwa polepole kwa muda wa saa moja, ni lazima zilete mapindu 100 au karibu na hapo. Yalikuja machache zaidi kwa namna isiyoweza kupuuzwa. Tulipofungua, unga wa chokaa na vumbi la makaa vilikuwa vimelowa na kuganda kama plasta chini ya kijiko.

Maamuzi na sababu zake

Mahali palijadiliwa kabla ya kifaa chochote. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, unataka upepo upimwe mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, umbali kutoka kwenye kizuizi ukiwa angalau mara 10 ya kimo chake. Kwa silo za mita 30 hiyo ni mita 300, na ndani ya uzio hakuna sehemu kama hiyo. Kuweka mlingoti nje ya uzio kulikataliwa kwa sababu ya ulinzi na umeme. Palipochaguliwa ni ncha ya gati: upepo wa baharini hufika pale bila kuguswa, na silo zinaharibu sehemu finyu tu ya upande wa bara. Sehemu hiyo ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kituo, ili kila kipimo kutoka huko kibebe alama ya mashaka. Mwongozo huo huo una madaraja 1 hadi 5 ya ubora wa mahali. Kuandika kwa ukweli kwamba uko daraja la chini kunasaidia kuliko kujifanya uko la 1.

Joto, unyevu na mvua havikuhitaji kwenda gatini. Viliwekwa kwenye nyasi nyuma ya ofisi, joto na unyevu kwa kimo cha mita 1.5.

Kwa kreni, mlingoti wa mita 10 hautoshi. Upepo huongezeka kadiri unavyopanda, na kwa kanuni ya kukadiria inayotumika sana kwenye ardhi wazi, kasi kwenye kimo cha mita 40 ni kama mara 1.22 ya ile ya kimo cha mita 10. Nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi, hivyo mzigo unaokuja kwenye kilele cha kreni ni karibu mara moja na nusu. Kipimaupepo cha pili kikafungwa kileleni mwa kreni yenyewe, na hicho ndicho kilichopewa mamlaka ya kuisimamisha. Cha gatini kilibaki cha mazingira na cha onyo la mapema.

Skrini zilitenganishwa. Afisa mazingira anaona wastani wa dakika kumi pamoja na mwelekeo. Mwendesha kreni anaona dharuba, yaani kilele cha wastani wa sekunde tatu. Vyote viko kwa mita kwa sekunde, kama kitabu cha kreni. King'ora kina ngazi ya onyo, ambapo vibano vya reli huandaliwa, na ngazi ya kusimama. Kikishalia hakinyamazi mpaka dharuba zikae chini ya kiwango cha pili kilicho chini zaidi kwa dakika kumi mfululizo.

Kuhusu aina ya vifaa, gatini tulipendekeza kipimaupepo cha mawimbi ya sauti isiyosikika. Hakina beringi, na vumbi likichanganyika na chumvi huua beringi taratibu. Kipimaupepo cha vikombe kinachochakaa hakifi kwa kishindo: kwanza hushindwa kuanza kuzunguka upepo ukiwa mdogo, halafu husoma chini kidogo kidogo, na kwa kuwa bado kinazunguka kila mtu huamini kiko sawa. Cha mawimbi kina udhaifu wake. Matone ya maji au ndege aliyetua kati ya vihisi huvuruga usomaji, kwa hiyo miiba ya kuzuia ndege iliagizwa pamoja nacho. Kwenye kreni tulikubali cha vikombe, kwa sababu mfumo wa kreni ulipokea mapigo ya umeme tu, na mafundi hupanda kule kwa matengenezo mengine hata hivyo.

Kilichobishaniwa zaidi kilikuwa mlingoti wenye bawaba, unaolazwa na watu wawili bila kupanda. Ulikuwa ghali kuliko kihisi kilichopangwa kukaa juu yake, na idara ya ununuzi iliuona kama anasa. Hapo tulikaza msimamo. Kifaa kisichofikika hakisafishwi. Fundi atasubiri kibali cha kufanya kazi juu, kibali kitachelewa, na baada ya miezi hakuna anayekumbuka. Tofauti kati ya usahihi wa asilimia 2 na 3 kwenye kipeperushi ni ndogo sana ikilinganishwa na nusu ya kasi iliyopotea nyuma ya silo, na ikilinganishwa na kihisi ambacho hakijaguswa tangu kifungwe. Uongozi ulikubali mlingoti, ukafidia gharama kwa kuchukua kihisi cha bei ya kati.

Mwisho, data ghafi za kila dakika zihifadhiwe bila kufutwa, na saa ya kinasa data ijisahihishe kupitia mtandao. Kile cha zamani kilifuta data ghafi baada ya wiki kadhaa, na saa yake ilikuwa imeachana na ya chumba cha udhibiti.

Baada ya kuhamia kituo kipya

Hatua ya kwanza ya afisa mazingira ilikuwa kurudi kwenye malalamiko ya zamani. Kwa siku ambazo data ghafi zilikuwapo, alisahihisha nyuzi 35 akatazama upya. Kosa lisilobadilika lina heri hiyo: hurekebishika hata baadaye. Majedwali ya wastani hayakuokoleka. Sehemu kubwa ya malalamiko aliyoweza kuyapitia iliangukia saa ambazo upepo ulitoka kwenye marundo moja kwa moja hadi makazi. Kampuni iliandika barua mpya kufuta zile za awali, jambo ambalo halikupendeza ofisini. Unyunyiziaji maji wa marundo sasa huanza kwa kufuata mwelekeo na kasi badala ya ratiba ya saa.

Kreni husimama mara nyingi zaidi wakati wa ngurumo na mara chache zaidi mchana wa kawaida. Waendeshaji waliacha kulalamika. King'ora hakijazimwa tena sauti.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Katika msimu wa kwanza wa ngurumo kituo cha gatini kilinyamaza. Waya wa shaba wa mawasiliano uliunganisha mlingoti na chumba cha udhibiti, na ncha hizo mbili zilikuwa na ethi (muunganisho wa umeme na ardhi) tofauti. Radi ilipopiga karibu, tofauti ya volti ilipita kwenye waya huo ikaunguza milango ya mawasiliano ya pande zote mbili. Vizuia mshtuko vilikuwapo upande wa umeme peke yake. Waya ukabadilishwa kuwa wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme. Zabuni ilipaswa kuwa na kipengele hicho tangu mwanzo, maana mlingoti wa chuma kwenye ncha ya gati ni shabaha iliyo wazi.

Matengenezo nayo yalisuasua hadi yalipopata mwenyewe. Usalama walidhani ni ya mazingira, mazingira wakadhani ni ya kompyuta. Yalipokabidhiwa kwa mafundi wa vipimo, wale wanaotunza mizani na vipima-kanieneo vya yadi, yaliingia kwenye ratiba yao kama kifaa kingine chochote. Kila wiki mtu anaangalia kipimamvua na kukiosha. Kila mwezi mlingoti unalazwa, vihisi vinapanguswa chumvi, kichujio cha kihisi cha unyevu kinakaguliwa. Kwenye vumbi la chokaa kichujio hicho huziba upesi na unyevu huanza kusomeka kwa kuchelewa. Mlingoti ukisimamishwa tena, mwelekeo unahakikiwa kwa mnara ule ule wa mawasiliano. Jaribio la maji hufanywa kabla ya msimu wa mvua. Vipimaupepo viko viwili kwa kila nafasi: kimoja kazini, kingine kimetoka maabara na cheti chake, na hubadilishana kila mwaka. Kila kinachoguswa huandikwa kwenye daftari la kituo, hata kupangusa.

Uchambuzi

Makosa ya kituo cha kwanza hayakutokana na uzembe. Fundi alifuata mchoro, afisa alifuata rekodi, ununuzi ulifuata kanuni za zabuni. Kila mmoja alipokea kitu kutoka kwa mwenzake bila swali la kitatumika kuamua nini, na pengo likapita katikati yao. Swali hilo lingeandikwa kwenye maombi ya kwanza, paa la ofisi lisingechaguliwa, na skrini moja isingetumikia watu wawili wanaohitaji namba tofauti. Wastani wa dakika kumi ni kipimo sahihi kabisa kwa vumbi. Kwa kreni ni kipofu.

Ulinganisho na kituo jirani ulikuwa wa gharama ndogo kuliko hatua nyingine zote, na ndio uliofichua mengi zaidi. Ungefanywa mwezi wa kwanza, barua zile zisingeandikwa. Unahitaji rekodi za wiki chache zenye upepo wa pande tofauti, na mtu anayejua kutofautisha mstari ulionyooka na unaopanda na kushuka. Ni ajabu kwamba ukabidhi wa vituo vya viwanda kwa kawaida huishia kwenye kuona kwamba skrini inawaka.

Uamuzi wa kuipa kreni kipimaupepo chake ulikuwa sahihi, ingawa umeacha tatizo dogo. Kreni ikiegeshwa mwisho wa kusini wa reli, hukaa karibu na silo, na kileleni kule usomaji wa upepo wa bara hautegemeki. Kwa sasa, ikiwa imeegeshwa pale, mfumo huchukua namba kubwa kati ya ya kreni na ya gatini iliyokuzwa kwa 1.22. Ni suluhisho la tahadhari na linasimamisha kazi pasipo haja siku nyingine, lakini waendeshaji wenyewe ndio walioomba libaki hivyo.

Usiku wa utulivu bado hauna jibu. Kasi ikiwa chini ya nusu mita kwa sekunde mwelekeo huzurura bila maana, na saa hizo huandikwa kuwa shwari, bila mwelekeo. Malalamiko ya alfajiri, ambapo vumbi husogea polepole karibu na ardhi, hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa mlingoti mmoja. Kampuni imeanza kupima vumbi lenyewe kwenye uzio wa upande wa makazi, na kwa malalamiko ya aina hiyo haiandiki tena barua inayotegemea upepo.